Njia ya Sayari

Kaka yangu aliponiambia niilime njia ya miguu iliyokatisha shamba langu la Kwihara, nipate matuta zaidi ya tumbaku, nilikubali. Nilipaswa kukataa. Hiyo ndiyo njia ya misafara ya zamani, waliyopita babu zetu wapagazi, na bado watu waliitumia kwenda Tabora mjini.

Aliyeipenda kuliko wote ni rafiki yangu, Mgogo mwenye duka la vitambaa mjini. Mgogo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo hakuwahi kunisalimia vizuri. Kila Jumapili alasiri alikuja kwa miguu, tukakaa uani mpaka Zuhura ing'ae magharibi.

Jioni moja nilimuuliza, kwa kuwa alisoma Kiarabu madrasa, kwa nini Zuhura huitwa sayari.

"Ni neno la mwendo," alisema. "Katika kisa cha Nabii Yusuf, waliomkuta kisimani wanaitwa sayyara, yaani watu wa msafara. Wanafalaki walipoona nyota chache zinahama na nyingine zimeshika nafasi zao, wakaziita hizo chache wasafiri. Siku hizi Mwarabu akisema sayyara, anamaanisha gari. Kwa hiyo ninyi wapagazi ndio sayari za kwanza, na mizigo begani!"

"Na ninyi mliokaa njiani kuitoza misafara ya watu hongo ya kupita?"

"Sisi ni jua. Lazima mtuzunguke."

Nilipokwisha kulima, alifika akasimama ukingoni mwa matuta. "Leo umenishinda kwa Ugogo," alisema. "Sisi tulitoza, kisha tukafungua njia. Wewe umefunga kabisa."

Nilicheka, nikidhani ni utani tu. Kuzunguka kwa barabara kuu kulikuwa mbali kwa magoti yake, akaacha kuja. Nami, kwa haya, sikumfuata dukani. Mvua zilizopita alifariki.

Baadaye akina mama walileta shauri la njia kwenye mkutano wa kijiji. Kaka akapinga. Nikasimama, nikaeleza maana ya sayari kama nilivyoelezwa, na kwamba kijiji chetu kilizaliwa na watu wa mwendo. Kisha nikasema, "Kaka, heshima yako iko palepale. Lakini tumbaku ni yangu, na kesho naing'oa."

"Kumbe Mgogo kakufundisha!" akapaza sauti mama mmoja, na vigelegele vikafuata.

Kesho yake walikuja na majembe watu wengi kuliko nilivyotarajia. Kabla ya adhuhuri njia ilikuwa wazi. Wanakwaya wa Moravian wakapita wakiimba, wenye baiskeli wakipiga kengele, na kaka yangu akasawazisha tuta la mwisho. Nilitangulia mbele yao wote kifua mbele, kama kiongozi wa msafara.

Njia imerudi, na siku ile nitajivunia mpaka nife. Lakini kuilima kulinigharimu Jumapili zote za mwisho za rafiki yangu, na alikufa bila kuikanyaga tena.