Ndoo ya Mzee Nikolao

Stamili alikuwa mama wa kulala jicho moja wazi. Watoto wake walikuwa wamekua na kutawanyika, lakini mtu akikohoa chumba cha pili, yeye ndiye aliyeamka. Majirani zake wa pale Newala walimcheka: "Mama Ziada, wewe hata kuku akichelewa kurudi bandani unamtandikia jamvi la matanga." Naye alicheka nao, kisha akachukua fimbo akaenda kumtafuta huyo kuku.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa mjukuu asiyesema.

Ziada, binti yake mkubwa, alikuwa akiishi Dar es Salaam na mumewe Sultani. Kama vijana wengi wa Newala na Masasi katika miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, Sultani aliliacha jembe akaenda kutembeza mitumba Kariakoo. Sasa Ziada alikuwa mjamzito tena, mimba ikimsumbua, akaona amlete Shakila, mtoto wa miaka minne, akae kwa bibi yake mpaka mdogo wake azaliwe.

"Huyu atakuchosha masikio, mama," alisema siku ya kufika, mtoto amelala mgongoni kwa uchovu wa safari. "Kule anaongea kama kasuku."

"Anaongea nini?"

"Kila kitu! Tunakaa Buguruni, nyumba ya vyumba vingi, bomba moja uwani. Mlango wa kwanza Mama Koku, Mhaya. Anayefuata Mama Tumpe, Mnyakyusa. Kuna Wagogo, kuna Mmeru mmoja hata jina lake linanishinda, na mwenye nyumba bibi wa Kizaramo. Jioni kila mama anaita wanawe kwa lugha ya kwao, na huyu wako anaitika zote. Sahani yoyote ikifunuliwa, yupo."

"Na Kimakonde chetu?"

Ziada akajishughulisha na fundo la khanga. "Mimi na Sultani tunarudi giza limeingia, mama. Nani wa kumsemesha?"

Stamili aliliweka hilo moyoni.

Siku zile chache alizokaa Ziada, mtoto alikuwa na homa ya safari, amejikunja tu mapajani mwa mama yake. Homa ilipotoka, Ziada akapanda basi la asubuhi. Kuanzia hapo Shakila akafunga mdomo.

Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Stamili kuliko yote. Mtoto alikula ugali wa muhogo, akala kisamvu, akainua mikono avuliwe gauni, akaitikia kwa kichwa. Sauti, hakuna. Stamili akapiga makofi nyuma yake; akageuka. Basi masikio mazima. Usiku humsubiri asinzie, kisha humfunua midomo kwa kidole na kuchungulia ulimi. Akaanza kumshuku hata binti yake: mama gani atakayesema mwanawe ana kasoro? Labda hiyo habari ya kasuku ilikuwa ya kumtuliza tu.

Alimsemesha kwa Kiswahili, pole pole, kila neno peke yake, vile alivyozoea kusema na bwana afya. "Shakila. Unataka. Uji?" Mtoto alimtazama, akaitikia kwa kichwa, akashika ukingo wa khanga yake. Popote Stamili alipokwenda, mkono ule mdogo ulikuwa kwenye khanga.

Bwanali, mumewe, Mmakua wa Chiwata, mtu wa maneno machache, alisema, "Mwache. Mgeni huyo."

"Mgeni hata kwa bibi yake?"

"Wewe ulipokuja kwetu hukuwa mgeni?"

Stamili akamwambia aende akapalilie mikorosho yake, asimletee ya zamani.

Jirani yao Regina ndiye aliyekuja na dawa. Regina alikuwa Mmakua wa Lulindi, na kwa kuwa Bwanali alikuwa Mmakua mwenzake, alimfanya kaka, na Stamili akawa wifi wa kutaniwa apendavyo.

"Huyo kafungwa ulimi, wifi. Mzee Nikolao, yule mganga, anakata kile kiuzi cha chini, mara moja tu. Mtoto wa dada yangu alikatwa Ijumaa, Jumapili akaimba kanisani."

"Akaimba?"

"Basi, alipiga kelele. Lakini kanisani!" Regina akamkazia macho Shakila. "Tena huyu ana sababu. Kila mlango lugha yake, na ulimi ni mmoja. Si lazima ujifunge? Halafu unamleta kwenu ninyi Wamakonde wa juu, maji hamna, mate yenyewe yamewakauka. Atasemea nini?"

Stamili alicheka, lakini usiku wembe wa mzee Nikolao ulimnyima usingizi. Siku hizo redio ilikuwa ikisema juu ya maradhi yanayopita katika nyembe za kuazimana. Akanunua wembe wake mwenyewe, mpya, bado umo katika karatasi yake, akaufunga kwenye pindo la khanga. Upande mmoja aliiona damu katika kinywa kile kidogo. Upande wa pili alimwona Shakila msichana mkubwa, yuko peke yake njiani na mtu mbaya, hawezi hata kusema sitaki. Akakata shauri. Siku ikapangwa.

Sasa, kwa mtu kama mzee Nikolao hakuendwi mikono mitupu. Na huku juu ya uwanda wa Wamakonde, ambako mvua zikikatika watu huoga kwa kikombe, zawadi ya heshima si sukari. Ni ndoo ya maji, imejaa, imefunikwa jani lisimwagike. Kwa hiyo asubuhi ya siku ile Stamili alijitwika ndoo tupu, akamshika Shakila mkono, wakaenda kwanza bombani.

Pampu ya bondeni ilikuwa imeharibika tangu juma lililopita, na asubuhi hiyo ndiyo kwanza maji yalipanda. Mji mzima ulikuwa pale. Ndoo na madebe yalijipanga mpaka barabarani, na katikati yake mawe, kila jiwe limeshika nafasi ya mtu aliyerudi nyumbani mara moja.

"Nani kaliondoa jiwe langu?" aliuliza Regina, kwa Kiswahili cha upole.

Aliyesimama mahali pale alikuwa Mama Ashraf, Myao aliyeolewa mjini hapo, mwanamke mpana mwenye ndoo kubwa. "Jiwe lako lina jina?"

"Lina jina. Linaitwa Regina."

"Basi Regina alikwenda kunywa chai. Mimi nimekuja na ndoo, sikuja na jiwe."

Hapo upole ukaisha, na Kiswahili kikaisha nao. Regina akaingia Kimakua, Mama Ashraf akamjibu kwa Kiyao, na Wamakonde, ambao ndio waliokuwa wengi, wakadakia, kila mtu kutoka aliposimama. Hakuna aliyetafsiri na hakuna aliyekosa kuelewa. Maji yakaitwa medi, yakaitwa mesi, yakaitwa masi, na bomba likaendelea kujaza debe la mtu asiyehusika.

Stamili alinyoosha mkono amvute mtoto pembeni, asije akakanyagwa. Akashika hewa. Khanga yake ilikuwa imeachiwa.

Shakila alikuwa mbele, katikati ya wagombanao, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya ndoo ya Mama Ashraf.

"Toa ndoo!" alisema, na sauti yake ilikuwa nene kuliko mwili wake. "Mama Tumpe, toa ndoo! Wa kwanza Mama Koku, halafu Bibi Mwenye Nyumba, halafu wewe! Kila siku wewe!"

Shingo zote zikamgeukia. Kisha kicheko kikalipuka kutoka mbele mpaka barabarani.

"Jamani," alisema Mama Ashraf, ameshika mbavu, "mjumbe mpya kachaguliwa lini? Haya, natoa, mama, natoa." Akaivuta ndoo yake nyuma.

Shakila, alipoona ameshinda, akakumbuka adabu. Akakunja magoti. "Ugonile," alimwambia, kama anayemwamkia Mama Tumpe wa Buguruni.

Pale bombani hakuna aliyejua ni lugha gani. Lakini magoti yalikuwa yamekunjwa, na Mama Ashraf hakuhitaji zaidi. Akaipokea salamu ile kwa Kiyao, taratibu, kama anayemwitikia mtu mzima.

Mtoto akainua uso amtazame vizuri. Hapo Stamili akamwona anavyotafuta: akautafuta uso wa Mama Tumpe, haukuwapo, akamtazama Regina, hakuwa Mama Koku, akatazama ule uwanja wa vumbi usio na milango. Midomo ikaanza kutetemeka, kisha ikajibana kabisa. Mdomo ulikuwa unafungwa tena, mbele ya macho yake.

Na Stamili aliujua mdomo ule. Ulikuwa wake.

Hiyo ilikuwa alipoolewa. Kwa desturi ya huku mume ndiye aliyekuwa akimfuata mke kwao, lakini mama yake Bwanali alikuwa peke yake na miguu inamsumbua, kwa hiyo Stamili, msichana aliyeishia darasa la nne, aliteremka Chiwata. Mama mkwe alijua Kimakua tu. Msimu mzima wa kilimo Stamili hakusema neno zaidi ya kuitikia, na ukoo ukanong'ona kwamba Bwanali ameoa bubu. Mpaka siku moja ya kubangua korosho, mafuta ya ganda yakamrukia mkononi, akapiga yowe la Kimakonde. Mama mkwe hakumwuliza kitu. Aliushika ule mkono akaupuliza, na huku anapuliza akalirudia lile yowe, neno kwa neno, vibaya sana. Wakacheka wote wawili mpaka machozi. Kuanzia siku hiyo wakawa wanapeana maneno, leo la kwako, kesho la kwangu, kama majirani wanaoazimana chumvi. Hakuna aliyemkata ulimi.

Stamili akatua ndoo, akapiga magoti katika tope la bombani.

"Ugonile," akasema, vibaya iwezekanavyo.

Shakila akamtazama. "Si hivyo, Bibi."

Stamili akamsogezea sikio. "Vipi basi?"

"Ugonile."

"Ugonele."

"Si hivyo!" Kisha, papo hapo: "Mama yuko wapi?"

"Yuko kule, kwa Mama Koku."

"Na Mama Tumpe?"

"Naye yuko huko huko. Saa hizi amemtangulia mtu bombani."

Mtoto akafikiri. Halafu akalia, kilio kikubwa cha mdomo wazi, ulimi wote nje, na Stamili akamkumbatia akamwacha alie. Hakuwahi katika maisha yake kufurahia kilio cha mtoto kama siku hiyo.

Regina alimsukumia Stamili ndoo yake mbele ajaze kwanza, na Mama Ashraf akampisha. "Lakini wifi," Regina akanong'ona, "mzee Nikolao anasubiri."

"Ukipita kwake, mwambie ndoo yake imepata mwenyewe."

Maji yale, yote, ndoo nzima katikati ya kiangazi, Stamili alimwogeshea Shakila nyuma ya nyumba. Hakutumia kikombe, alitumia kata, akamimina kuanzia utosini, na tope likamchuruzika miguuni. Mtoto alikuwa akisema tangu bombani na hakuwa amepumzika. Haya maji yanaitwaje? Medi. Na babu anayaitaje? Masi. Mama Koku yeye anasema hivi. Bibi, rudia. Si hivyo, Bibi.

Bwanali alirudi kutoka mikoroshoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasimama kwenye kona ya ua. Alisikiliza kwa muda. Stamili akafungua pindo la khanga akamkabidhi wembe, bado umo katika karatasi yake.

"Wa nini?"

"Nyoa ndevu. Unamtisha mtoto."

Bwanali akainama kuyafikia maji kidogo yaliyobaki chini ya ndoo. Mkono mdogo, wenye povu, ukatua juu ya ukingo.

"Babu," alisema Shakila. "Panga foleni."