Mkata nyasi anayeanika mashati machafu

Umande umekauka, lakini trekta ya Ardis Tollefson bado imezimwa kando ya shamba la Orrin Kvamme. Nyasi zimefika kiunoni. Katikati yake zimesimikwa fito, na juu ya fito yananing'inia mashati yanayonuka jasho.

"Niliyaanika jana jioni. Yakishafuliwa hayafai kitu," anasema Ardis, macho yake yakiwa kwenye nyasi.

Mjane huyu wa miaka hamsini na tisa huwakatia nyasi wafugaji wa mabonde haya ya magharibi mwa Wisconsin, kwa dola kumi na nane kila ekari. Shamba la Orrin ndilo kubwa kuliko yote anayokata. Akilikosa, mwaka wake umekwenda mrama.

Na leo huenda akalikosa. Mvua imetangazwa keshokutwa, na nyasi zisipokatwa asubuhi hii hazitawahi kukauka.

Kulungu wa mkia mweupe huzaa Juni, wakati huohuo nyasi zinapoiva. Mama humlamba mwanawe mpaka harufu ipungue, humlaza nyasini, kisha hujitenga naye ili adui akifuata harufu, amfuate yeye. Mtoto naye akisikia hatari hakimbii. Hujibana chini kimya, na madoa yake hufanana na jua lililopenya majanini.

Ujanja huo humponya mbele ya mbweha. Mashine haina pua wala macho, nayo hupita juu yake.

"Wengine wakimkuta amelala peke yake humwita yatima, wakambeba kwenda naye nyumbani," anasema Ardis. "Huo ni wizi wa mtoto. Mama yake yuko, anawaangalia."

Ndiyo maana yeye hamtafuti mtoto. Humwachia mama kazi hiyo: akinusa jasho la binadamu karibu na mwanawe, humhamisha. Majirani wamemcheka miaka mingi, na wanapokutana kwenye kinu cha chakula cha mifugo, shamba lolote analokata huitwa kamba ya nguo ya Ardis.

Alfajiri ya leo mama kulungu ametoka na mtoto mmoja. Orrin amemwona pia. Sasa anakuja, kofia yake ya kijani imemkaa kichwani, ile ambayo wenyeji husema alioa akiwa ameivaa.

"Dada Ardis, wameshatoka hao. Washa mashine."

"Ametoka mmoja."

"Na huyo wa pili umemwota?"

"Mtazame mama yao mguu."

Mama kulungu amesimama ukingoni mwa msitu, masikio yameelekea shambani, anapiga ardhi kwa mguu wa mbele. Pacha hulazwa mbalimbali, ili mmoja akipatikana, mwingine apone. Angekuwa na mmoja tu, anasema Ardis, saa hizi angekuwa ameshapanda kilima.

Orrin anatoa simu. "Nimwite Haugen? Mashine yake ni pana, na hana mambo ya mashati."

"Mwite. Mimi silishi mashine yangu watoto."

Orrin hajabonyeza namba bado wakati mama kulungu anapokoroma puani na kuingia nyasini, akiyazunguka mashati kwa mbali. Anatokea upande wa pili. Nyuma yake anapepesuka mtoto wa madoa, miguu myembamba kama fimbo za kufumia. Mikia miwili myeupe inapotelea msituni.

Orrin anarudisha simu mfukoni. Ardis anapanda trekta akicheka kwa sauti, na furaha yake inasikika hadi injini inapoimeza. Kufikia mchana shamba lote limelala chini, na visu havina tone la damu.

Ndoto yake ni kwamba Juni ijayo kila shamba la bonde hili liwe na mashati. "Lakini watu watoe jasho lao," anasema. "Langu haliwezi kutosha bonde zima."

Jioni Orrin anamsubiri kwenye shamba lake jingine dogo ng'ambo ya kijito, litakalokatwa kesho, maana nyasi zake ng'ombe hula mbichi. Ameleta ufito, hana shati; mkewe, analalamika, hufua kila anachovua. Anajikuna shingo. Kisha anaivua ile kofia, upara wake ukimeta mweupe kama yai, na kuitundika juu ya ufito.

"Hii," anasema, "sabuni haiijui."