Ukurasa wa Tanzia

Kazi yangu ya kwanza ya kompyuta, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ilikuwa katika ofisi ya ghorofani Mkunazini, na ilihusu maiti. Tuliwawekea Wazanzibari walioko nje matangazo ya vifo ya redio kwenye mtandao. Kila alfajiri programu yangu iliomba tangazo la siku kwa seva ya redio, kompyuta inayotunza matangazo yao. Likiwapo, lilitokea kwenye ukurasa wetu. Lisipoonekana, seva ilijibu 404, yaani ulichoomba sikukiona. Haikusema kwamba watu wote wazima.

Nami niliandika hivyo hivyo: "Tangazo halikupatikana. Pigeni simu nyumbani." Bosi akaja juu. Eti naiaibisha ofisi mbele ya watu. Akataka niweke, "Alhamdulillahi, leo hakuna msiba." Nilibisha mpaka sauti ikanikauka.

"Ofisi hii yangu mimi au yako wewe?" akaniuliza. Nikaweka maneno yake yatokee kila seva ikijibu 404, roho imenijaa.

Rafiki yangu wa utotoni, dereva huko Maskati, aliufungua ukurasa ule kila asubuhi kabla ya kushika usukani. Mama aliyemlea, jirani yetu wa Kikwajuni, alikuwa hoi kitandani, na yeye kazini hawakumpa ruhusa ya kuja. Alichotaka ni kimoja tu: siku mama atakayokufa, aijue siku hiyo hiyo, amsomee Yasini kabla hajafukiwa.

Kisha redio wakahamishia matangazo kwenye anwani mpya bila kutuambia. Kila tulichoomba kikarudi 404. Mimi nilikuwa Kiwengwa, nafunga mtandao hotelini. Bosi alikuwa akiusoma ukurasa kila siku, na kwa ukurasa ule, siku zile Unguja nzima hakufa mtu. Hakushtuka. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Niliporudi Kikwajuni nilikuta wanakunja majamvi ya hitima, kisomo cha msiba wa yule mama. Wanawe hawakumpigia simu rafiki yangu; walisema, si kila siku husoma kwenye mtandao? Nikampigia mimi.

"Mama ametutoka," nikamwambia. "Washamzika. Leo ilikuwa hitima."

"Wacha mzaha. Nshasoma leo asubuhi. Hakuna msiba."

Nikamweleza habari ya seva, maneno yakinitoka ovyo.

"Kumbe siku wanamzika," akasema, "mie nlisoma mlivyoandika, nkasujudu kumshukuru Mungu."