Arubuni za Chumba cha Uani

Mwenye nyumba wetu hapa Msimbazi hapokei arubuni ya pesa, eti pesa siku hizi hainunui hata sabuni. Ukikitaka kile chumba cha uani unamwachia kitu, anakupa siku saba za kuhamia. Ukichelewa, kitu chako kimeliwa. Anakipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga na kukuita "ndugu". Siku ya nane anakuita "wewe". Saa anayovaa ni ya karani fulani, kiti anachokalia ni cha fundi cherehani, na redio anayosikilizia taarifa ya habari huku akitingisha kichwa ni ya mwalimu.

Jana Candida, nesi mmoja aliyekitaka chumba hicho, alimkuta uani anapiga pasi kanzu. Pasi yenyewe ndiyo ile Candida aliyoiacha kama arubuni.

"Shikamoo mzee. Basi letu lilikwama Korogwe siku mbili, hakuna dizeli."

"Marahaba. Siku saba zimepita, wewe."

"Basi kaa na pasi, nipe chumba. Sina pa kulala."

"Kimejaa."

"Kimejaa akina nani?"

Mzee akanyunyizia kola maji. Candida akasukuma mlango wa chumba. Mtu hamna! Kuna kitanda, majiko, masufuria, miavuli na ile redio, arubuni za watu mpaka kwenye dari. Akavua viatu, akajilaza kitandani.

"Nimehamia."

Mzee aliduwaa mpaka kanzu ikaanza kutoa moshi. Halafu akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia.

"Ndugu, naomba redio yangu."

"Siku saba zimepita, baba."