Kwaya ya Kumsindikiza Baba

Mama alikuwa Mkamba, baba Mluhya, na sisi watoto tulikuwa wa Makadara. Mtu akituuliza kabila tulimtajia mtaa, tena kwa maringo, kana kwamba tumegundua jambo lililowashinda wazazi wetu. Kanisa letu la mabati lilituvimbisha kichwa zaidi. Ibada ilikuwa moja, ya Kiswahili, kwaya moja, na aliyeanzisha nyimbo alikuwa mama.

Kwaya hiyo ilikuwa na desturi yake. Mshirika akifariki, wanakwaya walifika mochari wakaimba tangu jeneza linapotolewa mlangoni hadi basi la kwenda mashambani linapopotea machoni. Hawakuuliza marehemu ni wa wapi. Baba, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate ambaye hakuweza kuimba hata kwa kulazimishwa, aliipenda desturi hiyo kuliko mahubiri yote.

"Siku yangu ikifika," alizoea kumwambia mama tukila, "mniimbie mpaka dereva achoke kusubiri."

"Kula, ugali unapoa," mama alimjibu.

Kisha ukaja uchaguzi wa vyama vingi, na habari za nyumba kuchomwa huko Bonde la Ufa. Mtaani kwetu hakuna aliyemgusa mwenzake, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Tungepigana, angalau tungejua pa kuanzia kupatana. Watu walishusha sauti tu. Wanawake waliokuwa wakisukana mlangoni wakaanza kutafuta msusi wa kwao. Wazee wa kanisa, watu wapole kabisa, wakatangaza kwamba Jumapili kutakuwa na ibada ya kila lugha ya nyumbani, na kila lugha na kwaya yake. "Mwacha mila ni mtumwa," mmoja wao akatukumbusha. Ibada ya Kiswahili haikufutwa. Ilipungukiwa na watu hadi ikabaki ya watoto, kisha hata watoto wakaichoka.

Jumapili ya kwanza, kaka yangu alisimama uani na viatu vyake vilivyopakwa rangi.

"Sasa sisi tunaenda ya nani?"

"Si twende ya mathe, wanaimba poa," nikamwambia.

"Mathe mwenyewe haendi hiyo. Anaenda ya buda."

Ni kweli. Mke humfuata mume, na mama alimfuata baba kwenye ibada ya Kiluhya, akakaa na kitabu cha nyimbo asichoweza kukisoma. Kwaya ya Wakamba ilimhesabu kuwa ameondoka. Ile ya Waluhya haikumwambia aingie, wala haikumkataza. Mwanamke aliyeanzisha nyimbo kwa miaka akawa anafungua ukurasa na kufunga mdomo. Nilimwonea uchungu sana, na sikuwa na wa kumlaumu.

Wakati huo walikuja wageni kutoka ng'ambo, wafadhili wa kanisa. Walipiga picha katika kila ibada, wakasifu jinsi tulivyotunza utamaduni wetu. Mmoja wao akasimama, mzee akimtafsiria, akasema siku hizi dunia imekuwa kijiji kimoja. Watu wakapiga makofi. Baba alikunja mikono.

"Huyo hajawahi kuishi kijijini," alituambia njiani. "Kijijini ndiko wanakokuuliza wewe ni wa nani."

Sijapata kusikia hotuba iliyonifaa kuliko hiyo.

Baba aliugua kifua, akafariki kabla ya mvua za masika. Matanga yetu yalijaa. Watu walikuja kila jioni, wa pande zote, na majani ya chai, sukari na mikate. Waliomba, wakamshika mama mkono, wakakaa mpaka saa tatu. Nilikata kauli kwamba nilikuwa nimewafikiria vibaya.

Asubuhi ya safari, ua wa mochari ulijaa vilevile. Waluhya walisimama upande wa lango, Wakamba upande wa ukuta, na baina yao pakawa na nafasi ya kupita jeneza. Likatolewa. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Nilisikia miguu ya wabebaji kwenye kokoto.

Waluhya walikuwa wakiwasubiri Wakamba, kwa kuwa mjane ndiye aliyekuwa mwanzilishi wa nyimbo, na bila shaka watu wake wangetaka kumwimbia. Wakamba walikuwa wakiwasubiri Waluhya, kwa kuwa maiti ni ya kwao, na kumwimbia mtu mbele ya wenyewe ni kukosa adabu. Kila upande ulimpisha mwenzake kwa heshima. Jeneza likapita katikati ya heshima hiyo.

Mwanamke aliyekuwa akisimama karibu na mama kwenye kwaya miaka yote alimsogelea. "Pole, dada. Tulidhani wenyewe wataimba."

"Wenyewe ni nani?" mama akamuuliza.

Mama akajitoa mikononi mwa wanawake waliokuwa wamemshikilia, akalifuata jeneza, akaanzisha wimbo wa Kiswahili aliokuwa akiwaimbia marehemu wa watu wengine. Sauti ilimkatika kwenye mstari wa pili. Tukaupokea sisi watoto, kwa kuwa hatukujua mwingine. Nyuma yetu watu wachache wakaanza kuitikia, taratibu, kila mmoja akiwatazama wa upande wa pili kwanza.

Lakini jeneza lilikuwa limeshapakiwa. Tulikuwa hatujamaliza ubeti wa kwanza dereva alipowasha basi, naye hakuwa amechoka hata kidogo.