Kompyuta ya Kiini Kimoja

Mimi ni mbishi, nakiri. Fundi wa kompyuta kutoka Nyamahanga aliniambia mara tatu kwamba mashine ya steshenari yangu hapa Keza imechoka. "Prosesa yake ina kiini kimoja," alisema. "Ni kama kibarua mmoja unayemtaka achote maji, apike na achunge mbuzi kwa wakati mmoja. Za siku hizi zina viini vinne, kila kimoja na kazi yake." Nikamjibu kwa kejeli kwamba mkulima mmoja hodari huwashinda wavivu wanne. Tukacheka, akaenda zake.

Nilikuwa nimeizoea. Ukiiambia ichape huku umefungua kitu kingine, inaganda. Dawa yake ilikuwa moja: chomoa waya, hesabu hadi kumi, chomeka. Hata wateja walishajua, wakaniambia, "Chomoa tu, mzee."

Mwaka huo mama alipata uvimbe kooni. Hospitali wakasema lazima wakate, na sauti haitabaki. Mama ndiye aliyekuwa akiwaimbia mabinti wa ukoo wetu. Kwetu, siku binti anapoagwa kwenda kuolewa, bibi yake humwimbia kwa Kihangaza, akiwataja mabibi waliomtangulia mmoja mmoja, ili aende akijua ametoka kwa nani. Mimi majina yale siyajui. Niliona ni mambo ya wanawake, sikuuliza. Binti yangu alikuwa bado chuoni. Basi mama akaja dukani kwa bodaboda, kajifunga kitenge shingoni, akasema, "Mwanangu, weka sauti yangu kwenye hicho chombo chako. Mjukuu wangu asiagwe kimya kama hana watu."

Nikafunga mlango, nikampa kipaza sauti. Aliimba, akakohoa, akapumzika, akaanza tena. Alipomaliza jasho lilikuwa linamtiririka. Nikabonyeza kuhifadhi, na ule mstari wa kwenye skrini unaoonyesha kazi imefika wapi ukaanza kujaa polepole. Mara mlango ukagongwa. Mwalimu mmoja anataka fomu zake zichapwe, gari linamsubiri. Jamani, ningemwambia asubiri kidogo ningepungukiwa nini? Nikafungua fomu zake. Mashine ikaganda. Na mkono huu huu, kwa mazoea tu, ukachomoa waya.

Ilipowaka tena nilitafuta kila mahali. Hakuna kitu. Mama amekaa kwenye benchi ananitazama.

"Imeingia?"

"Imeingia, mama."

Zilibaki wiki mbili kabla ya kukatwa. Wiki mbili nzima mama alikuwa na sauti yake! Ningesema kweli angeimba tena, hata mara kumi, namjua. Lakini niliona aibu. Nikajidanganya kwamba koo linamuuma, nisimchoshe. Nikasema kesho, kesho kutwa. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Yangu yalikuwa bado yamo kisimani, ni mimi niliyekataa kwenda kuteka.

Baada ya upasuaji aliishi mwaka mmoja hivi, kimya. Kila nilipomwamkia shikamoo aliitikia kwa kichwa, akagusa koo lake, kisha akanyoosha kidole upande wa dukani na kutabasamu. Nilikuwa natabasamu pia. Mungu anisamehe. Tulimzika akiwa na imani hiyo.

Siku hizi nina mashine ya viini vinne. Fundi alisema kweli. Inachapa, inaskani, inapakua fomu za wanafunzi, na kwaya inaimba hapo hapo bila kukwama. Kwa mtu wa kawaida kama mimi ni raha tupu, hakuna mteja wa kununa. Lakini nikibonyeza kuhifadhi, naiweka mikono mapajani mpaka mstari ujae, hata kama unajaa kufumba na kufumbua. Wateja wananicheka, na mimi nawaacha wacheke.

Mwezi uliopita watu wa Nyakisasa walikuja kumposa binti yangu. Walipoondoka alinifuata dukani, akakaa kwenye benchi lile lile la bibi yake. Mkononi alikuwa na kikaratasi chenye mwandiko wa mama.

"Baba, bibi aliniandikia kwamba wimbo wangu uko kwako. Washa tuusikilize."

Nikabonyeza kitufe. Ile ya zamani ingenipa dakika tano za kufikiri. Hii iliwaka papo hapo, na binti yangu akasogeza benchi karibu.