Shimo la Mwezini Tuliloliita Mlowa

Harufu ya mafuta ya taa ndiyo iliyonitangazia kila jioni kwamba baba amerudi. Alikuwa mwashaji wa taa za ishara katika stesheni ya Zuzu, enzi za Mwingereza. Kazi yake ilikuwa kuzijaza mafuta, kuzifuta vioo na kuzipandisha kwenye milingoti kabla giza halijaingia, na hata akioga mikono yake ilibaki na harufu hiyo. Tuliishi yeye, mama na mimi katika nyumba ya reli yenye ua wa miiba, karibu kabisa na njia, hata treni ya mizigo ilipopita sufuria zililia. Wakati ninaousimulia uwele na mtama vilikuwa vimeshavunwa, na upepo wa kiangazi ulibeba vumbi jekundu kutoka mashambani ukalimwaga kila mahali, kwenye maji, kwenye unga, na zaidi ya yote machoni.

Macho ya mama yalikuwa yakimuuma tangu nilipoanza kumkumbuka. Kope zake zilikuwa zimepinda zikaota kuelekea ndani, zikawa zinamkwaruza mboni kila alipopepesa. Kwa kina mama wa Ugogo jambo hilo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyeliita ugonjwa. Kila asubuhi nilikaa mbele yake, jua likinipiga mgongoni, nikazing'oa kope moja moja kwa kibano alichotengenezewa na mhunzi. Alinishika magoti, akabana pumzi, wala hakulia. "Una mkono mwepesi, Damari," aliniambia, nami nikavimba kichwa kwa sifa hiyo, nisijue kwamba kope zilikuwa zikiota tena ngumu kuliko mwanzo.

Mkuu wa stesheni alikuwa Mhindi, Bwana Kanji, mtu mpole aliyefiwa na mkewe. Watoto wake walikaa kwa ndugu mjini Dodoma kwa ajili ya shule, kwa hiyo jioni zake zilikuwa ndefu na hazina maneno. Kiangazi hicho alirithi darubini ya mjomba wake, bomba la shaba lenye miguu mitatu ya mbao. Aliisimamisha mbele ya stesheni jua lilipozama tu, mwezi wa nusu ukiwa tayari juu, akatuita. Mpaka leo sijasahau nilivyoshtuka. Nilidhani mwezi ni laini kama sahani, kumbe umejaa mashimo, makubwa kwa madogo, mengine yamekaa ndani ya mengine, kama tope la kisimani lililokanyagwa na ng'ombe likakauka. Baba alipoinama kwenye bomba alicheka peke yake kama mtoto.

Tuliangalia jioni baada ya jioni, na mwezi ulivyozidi kunenepa ndivyo mashimo mapya yalivyojitokeza. Moja ndilo lililotupendeza sote. Lilikuwa la duara safi, kuta zake zimeporomoka kwa ndani zikafanya ngazi, na katikati kabisa palisimama kilima kidogo kilichoangusha kivuli chembamba. Siku za mwezi mpevu kivuli kilipotea, badala yake mistari myeupe ikaonekana ikitoka kwenye shimo hilo na kutambaa mbali pande zote. Bwana Kanji alisema wataalamu walikuwa bado wanabishana: wengine walidhani ni mlima wa moto uliolipuka, wengine jiwe kubwa lililoanguka kutoka angani. Alitufundisha pia kwamba mwezi hausubiri mtu. Ukikawia kidogo unatoka kwenye kioo, ndiyo maana baada ya kila mtazamaji alilisogeza bomba taratibu kwa kidole.

Alikuwa na ramani ya mwezi, na kila shimo lilikuwa na jina la msomi fulani wa Ulaya aliyekwisha kufa.

"Nani aliwapa ruhusa ya kugawana?" baba aliuliza.

"Waliona kwanza, Yohana."

"Na sisi hatuna macho? Basi nasi tugawane."

Tulicheka sana. Baba aliliita shimo moja kwa jina la stesheni yetu. Mimi langu nililiita Kasukari, jina la mbuzi wangu. Lile zuri lenye kilima tulimwachia mama, ambaye siku zote alikaa kando kwenye kigoda akisema ataangalia kesho.

Jioni hiyo alisimama. Bwana Kanji alikuwa ndiyo kwanza amelisogeza bomba, mara simu ya stesheni ikalia, akakimbilia ndani. Mama akajifunga kanga vizuri, akakawia, akaja, akainama. Tukangoja. "Nakiona," alisema hatimaye. "Kilima kiko katikati, na kuta zimekizunguka. Hapa ni Mlowa, kwetu nilikozaliwa." Baba alipiga makofi. Mama aliendelea kusimulia, jicho likiwa kwenye bomba, jinsi kilima kilivyopinda upande mmoja na jinsi mtu angeweza kukizunguka kwa miguu na kurudi kabla ya chakula. Bwana Kanji alirudi mama akiwa bado anaongea. Mama alipompisha, aliinama kulirekebisha bomba, kisha akatulia. Alitazama angani, akamtazama mama, akafungua mdomo, akaufunga.

Baba alinieleza miaka mingi baadaye kwamba kesho yake Bwana Kanji alimwita ofisini. "Mwezi ulikuwa umeshatoka kwenye kioo," alimwambia. "Palikuwa na giza tupu. Mpeleke Mvumi, hospitali ya misheni." Baba hakukubali. Alimjibu kwamba mkewe ametaja kilima, kuta na kila kitu, na kwamba anaona kuliko wao wote. Bwana Kanji aliona haya kubishana na mtu kuhusu mke wake, akayaacha hapo.

Mvua zikanyesha, tukapanda. Siku moja ya palizi baba alimpelekea mama maji shambani, akamkuta ameinama na jembe lake, anafanya kazi kwa bidii na kuimba. Nyuma yake uwele ulikuwa umelala chini wote, magugu yamesimama. Baba aliyatua maji chini. Alimshika mkono, akamwongoza mpaka nyumbani, na mama hakuuliza kwa nini.

Daktari wa Mvumi alimgeuza kope, akamtia mwanga, akashusha pumzi. Alisema makovu yameshafunika mboni zote mbili. Kope angeweza kuzinyoosha ili maumivu yaishe, lakini nuru haitarudi. Tungemleta mapema, hata kiangazi kilichopita, angeokoa angalau jicho moja. Nilimwona baba akikunja kofia yake ya reli na kuikunjua.

"Kwa nini ulisema umekiona?" alimuuliza mama tuliporudi.

"Nilisikia mnavyocheka," mama alijibu. "Ningesema sioni, kicheko kingeishia pale pale."

Bwana Kanji alikuja kumjulia hali. Alikaa kwenye mkeka muda mrefu bila kugusa chai. "Mama Damari," alisema, "mimi nilijua."

"Nami nilijua umejua," mama alimwambia. "Nilisikia ulivyonyamaza."

Darubini haikusimamishwa tena, na baada ya muda Bwana Kanji akahamishiwa stesheni nyingine. Mama aliishi gizani miaka mingi kuliko aliyoishi na nuru. Sikuwahi kumsikia akimlaumu mtu, na pengine ndiyo maana lawama imebaki inazunguka, haina pa kutua. Sisi wanne tulipendana na kuheshimiana, na heshima hiyo ndiyo iliyotufunga midomo.

Siku hizi mjukuu wangu hahitaji bomba la shaba. Ananionyesha shimo lile kwenye simu, kilima kikiwa wazi kabisa, kisha ananisomea jina lake rasmi, nami nalisahau kabla hajamaliza. Wauguzi nao wanapita vijijini, wanageuza kope za watoto na za wazee, na upasuaji uliokuwa safari ya kutisha hufanyika asubuhi, mchana mtu yuko kwake. Juzi nilikwenda zahanati mwenyewe. Binti mmoja mwenye koti jeupe aliniamkia shikamoo, akanikalisha, akaniuliza herufi ya kupimia macho iliyo ukutani inatazama upande gani. Nilikaza macho. Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu wanaonifahamu, wote kimya wanasikiliza.

"Sioni," nikasema.

"Haya, bibi," akajibu, akiandika bila hata kuinua uso. "Tutakusaidia."

Nilitoka nje nikasimama juani. Kulisema neno hilo kulikuwa jambo jepesi kiasi kile, nami nikamlilia mama.